Siku Moja Vijijini Uluguru: Mwongozo Kamili wa Kupanda na Kuteremka Kabla ya Giza

Watu wa Dar es Salaam wanaojaribu kwenda vijiji vya Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, kwa siku moja hukwama mahali palepale. Wanafika Morogoro saa 4 asubuhi, chai inawapeleka hadi saa 5, wanaanza kupanda jua likiwa utosini, na saa 9 alasiri bado wako njiani kwenda juu. Wenye busara hurudi bila kuona kijiji. Wengine huteremka gizani kwa mwanga wa simu, wakikanyaga udongo mwekundu unaoteleza.

Miguu yao haina kosa. Kosa liko kwenye saa. Ratiba yao ilianza na saa ya kuondoka nyumbani, wakati ilipaswa kuanza na saa ya kurudi, kisha ihesabiwe kinyumenyume hadi alfajiri.

Mwongozo huu unafuata safari moja: Dar hadi Morogoro kwa treni ya SGR (reli ya kisasa), halafu kwa miguu hadi vijiji vya mteremko unaotazama mji, yaani Choma, Ruvuma na eneo la Morningside. Kama unaishi Morogoro, ruka hatua ya 3 na usogeze kengele yako ya kuamka mbele kwa furaha.

## Vitu vya kuandaa

- Kitambulisho. Tiketi ya treni hukatwa kwa taarifa za kitambulisho, na mtaani au kijijini utaandika jina kwenye kitabu cha wageni.
- Viatu vyenye meno, vilivyokwisha kuvaliwa angalau wiki mbili. Raba bapa za mjini ndizo zinazoangusha watu wengi wakati wa kuteremka. Viatu vipya vitakutoa malengelenge kabla ya saa 5.
- Maji lita 2 kwa kila mtu, lita 3 kati ya Oktoba na Februari. Yasambaze kwenye chupa mbili. Moja ikipasuka unabaki na nyingine.
- Koti la mvua, hata ukiondoka Dar mbingu ikiwa nyeupe. Mwavuli ni mzigo tu kwenye njia nyembamba yenye migomba.
- Sweta moja na fulana kavu. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukisimama na fulana iliyolowa jasho, utatetemeka.
- Tochi ya kichwani na betri ya akiba ya simu. Hutarajii kuitumia, ila ubebe.
- Fedha taslimu za noti ndogo: 1,000, 2,000 na 5,000. Muuza ndizi wa mlimani hawezi kukuvunjia 10,000. Tenga shilingi 30,000 kwenye mfuko wa pembeni kwa dharura na usiziguse.
- Huduma ya kwanza: bandeji ya kufungia kifundo cha mguu, plasta, dawa ya kusafishia kidonda, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini (ORS) na selotepu. Kazi ya selotepu imeelezwa chini.
- Khanga moja. Ni taulo, ni kitambaa cha kukalia, ni stara ya mavazi ukiingia nyumbani kwa watu, na ni mbeleko ya mtoto aliyechoka.
- Kikopo kigumu chenye mfuniko, kama utarudi na stroberi. Kwenye mfuko wa plastiki zitafika Dar zikiwa juisi.

Kisu cha matunda kiache nyumbani. Mizigo hukaguliwa stesheni, na kijijini visu vipo.

## Hatua ya 1: Chagua upande mmoja wa mlima

Uluguru ni safu ndefu, na majina yake huchanganywa kana kwamba vijiji vyote viko kwenye njia moja. Haviko.

Mteremko unaotazama mji ndio pekee unaofaa kwa siku moja ukitokea Dar, kwa sababu unaanzia mjini kwenyewe. Hauhitaji gari la pili. Hapa ndipo penye Choma, Ruvuma na Morningside, jengo la enzi za Wajerumani lililo juu ya mji, karibu na mpaka wa msitu.

Mgeta na Nyandira ziko upande wa magharibi, ndani ya Wilaya ya Mvomero, na hupandwa kwa gari kupitia njia ya Mzumbe. Pana uzuri wa aina yake: matuta ya njegere, kabichi na karoti yamepangwa kama ngazi hadi juu. Lakini barabara ile hula saa nyingi. Ukienda na kurudi Dar siku hiyohiyo, utaona mashamba kupitia dirishani tu. Mgeta inahitaji ulale.

Kinole na Matombo ziko mashariki, barabara ya Bigwa. Huko ndiko kwenye mdalasini, karafuu na pilipili manga. Upande huu hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hivyo hunyeshewa karibu mwaka mzima, hata miezi ambayo mji wa Morogoro ni mkavu. Usipange kwenda kwa kuangalia hali ya hewa ya mjini.

Vilele navyo ni jambo jingine kabisa. Bondwa una mita 2,120 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi. Hiyo ni zaidi ya mita 1,600 za kupanda na mita hizohizo za kuteremka. Aliyekwambia "tutapitia Bondwa mara moja halafu kijijini" hajawahi kufika.

Umemaliza hatua hii ukiweza kutaja kijiji kimoja unachokwenda. Ukitaja viwili, futa kimoja.

## Hatua ya 2: Chagua siku

Juni hadi Septemba ndiyo miezi bora. Njia ni kavu na asubuhi ni ya baridi. Januari na Februari panapitika, ila jua ni kali. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, achana na mpango: udongo hugeuka sabuni, na vijito unavyovuka asubuhi kwa kuruka jiwe huweza kufika magotini alasiri. Wakati wa vuli, kuanzia Oktoba mwishoni hadi Desemba, unaweza kwenda endapo utakuwa umeanza kuteremka kufikia saa 7:30 mchana, maana ngurumo hupenda kuja alasiri.

Siku ya wiki ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Jumapili ofisi zimefungwa, na treni za jioni za kurudi Dar hujaa. Jumamosi ndiyo nafuu kwa wafanyakazi, mradi kibali na malipo yawe yamekamilika kabla ya Ijumaa mchana.

Kuna kanuni moja isiyojadiliwa: kama usiku wa kuamkia safari mvua kubwa imenyesha mlimani, usipande. Mpigie mwongozaji alfajiri kabla hujatoka nyumbani. Yeye anasikia mvua juu ya bati lake. Wewe uko Dar.

## Hatua ya 3: Kata tiketi ya kurudi kabla ya tiketi ya kwenda

Anza na treni ya jioni. Tafuta inayoondoka Morogoro kuanzia saa 12 na kuendelea, uikate, ndipo utafute ya asubuhi ya mapema zaidi. Wengi hufanya kinyume: wanapata ya kwenda kwa urahisi, kisha wanagundua ya kurudi imejaa na iliyobaki ni ya saa 9 alasiri. Hapo siku imeshakatika.

Nauli ya daraja la kawaida, Dar hadi Morogoro, ilitangazwa mwaka 2024 kuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Hakiki nauli na ratiba kwenye mfumo wa Shirika la Reli Tanzania (TRC) wiki hiyohiyo ya safari, kwa sababu ratiba hubadilika. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.

Fika stesheni saa nzima kabla ya treni. SGR haisubiri mtu kama basi, na anayefika dakika za mwisho hukuta milango imefungwa.

Kwa basi? Barabara ina takriban kilomita 190, na safari ya saa 4 hadi 5 ni kawaida. Saa hizo mara mbili zinakula siku nzima. Basi libaki kuwa njia ya akiba ya kurudi: stendi ya Msamvu ina mabasi ya kwenda Dar hadi usiku.

## Hatua ya 4: Mwongozaji, kibali na chakula, siku tatu kabla

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayogharimu zaidi.

Mwongozaji. Njia za mlimani ni za watu wa pale. Zinaingia mashambani, zinapita uani kwa mtu, zinagawanyika kwenye migomba bila alama yoyote. Ramani ya simu huonyesha barabara kubwa na kuacha njia yenyewe. Mtafute mwongozaji kupitia ofisi za utalii wa utamaduni zilizoko mjini, au kupitia ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji unakokwenda. Anayekufuata stendi na kujitangaza, mshukuru na upite.

Kwenye simu, kubaliana naye mambo manne: bei ya kikundi kizima au kwa kila mtu, kama bei ina mchango wa kijiji ndani yake, saa ya kukutana na mahali, na saa ya kugeuka, yaani ya kuanza kurudi. Rudia kwa ujumbe wa maandishi ili kila mmoja awe na kumbukumbu. Ugomvi mwingi wa malipo jioni huanzia kwenye maneno "tutaelewana tu".

Kibali. Vijiji viko nje ya mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kutembea kijijini kunahitaji kuripoti kwa viongozi wa eneo. Kuingia msituni ni jambo lingine: ni lazima upate kibali na ulipe ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, na ada ya raia ni tofauti na ya mgeni wa nje. Fanya hivyo siku za kazi. Risiti ihifadhi kwenye simu na chapisha nakala moja; simu huzimika.

Chakula. Usitegemee mgahawa. Agiza kupitia mwongozaji chakula kwa familia moja, ueleze idadi ya watu, na utume sehemu ya fedha kabla ili viungo vinunuliwe. Ugali, maharage na mboga za majani kwa watu 6 juu ya mafiga huchukua karibu saa 2. Ukifika na kuagiza palepale, utakula saa ya kugeuka ikiwa imeshafika na mpango wako wote umekufa. Ukiwa na bahati ya magimbi au ndizi za kupika zilizoungwa kwa nazi, usiulize ugali.

## Hatua ya 5: Hesabu saa zako kinyumenyume

Kanuni ya mkono ni hii: saa 1 kwa kila kilomita 4, ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, kisha dakika 10 za kupumzika kila saa.

Tuseme mwongozaji amekwambia ni kilomita 5 na kupanda mita 500. Kilomita zinakupa dakika 75. Kupanda kunaongeza 50. Mapumziko 20. Jumla ni dakika 145, yaani saa 2 na dakika 25. Kama mna mtoto chini ya miaka 10 au mtu asiye na mazoezi, zidisha kwa moja na nusu. Kikundi hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, wala si kwa wastani wa wote.

Wenyeji watakwambia "ni nusu saa tu". Ni kweli kwao. Mama wa Choma mwenye beseni la ndizi kichwani atakupita huku anakusalimia.

Jua la Morogoro huzama kati ya saa 12:20 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na chini ya miti giza huingia mapema zaidi. Kwa hiyo ratiba hujengwa hivi, kuanzia jioni kurudi nyuma hadi asubuhi:

- Saa 12 jioni na kuendelea: treni
- Saa 11:00: uko stesheni
- Saa 10:15: umetoka mjini
- Saa 9:30: umefika chini ya mlima, miguu yote mizima
- Saa 7:30: mwanzo wa kuteremka
- Saa 5:30: umefika kijijini
- Saa 3:00: mwanzo wa kupanda
- Saa 2:00: umeshuka treni

Saa ya kugeuka ni saa 7:30 mchana, popote mlipo. Hata kama kijiji kinaonekana kwa macho. Hata kama mwongozaji anasema bado dakika 20. Mtangazie kila mmoja kwenye kikundi usiku wa kabla, kwa sababu kumshawishi mtu kugeuka akiwa ameshapanda ni kazi ngumu kuliko kupanda.

## Hatua ya 6: Kutoka stesheni hadi mguu wa mlima

Stesheni ya SGR Morogoro si ile kongwe ya reli ya zamani iliyo mjini. Iko nje kidogo, upande wa Kihonda. Mwambie dereva wa bajaji mahali mlipokubaliana na mwongozaji, na bei muelewane kabla ya kupanda.

Kuleni mjini, kitu chepesi na cha wanga: chapati, viazi, chai ya tangawizi. Supu nzito saa 2 na nusu itakutesa saa 4. Mnunue maji hapa, maana juu huenda duka likawa moja na limefungwa.

Bodaboda hupanda sehemu ya njia ya Morningside. Kwa kupanda, wakati wa ukavu, si vibaya ikiwa unataka kuokoa nguvu. Kwa kuteremka, kataa. Breki hupata moto, changarawe huteleza, na upande mmoja ni bonde.

Umefanikiwa ikiwa saa 3 kamili mmesimama pamoja, maji yamejaa, na kila mtu ameshakwenda choo.

## Hatua ya 7: Kupanda

Dakika 30 za mwanzo nendeni polepole kuliko mnavyotaka. Kipimo ni mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sahihi. Wanaokimbia mwanzoni ndio wanaokaa chini ya mwembe saa 4 na kusema wamefika.

Kunywa mafunda machache kila dakika 20, kabla ya kiu. Maji ya kijito, hata yakiwa angavu kama kioo, usinywe bila kuchemsha au dawa. Kuna nyumba na mifugo juu yako. Usiogee kwa sabuni wala kuosha vyombo ndani yake. Maji ya mlima huu huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Ni maji ya bomba lako mwenyewe.

Angalia upupu kwenye vichaka vya chini, hasa kiangazi maganda yake yanapokauka. Vinyweleo vyake vikikugusa, usijikune na usipanguse kwa mkono. Utavisambaza hadi shingoni. Bandika selotepu juu ya ngozi na uibandue, tena na tena, mpaka viishe. Mikono mirefu huzuia shida hii yote.

Siafu wakivuka njia, ruka upesi na usisimame mpaka ufike mita kadhaa mbele. Nyoka ni wachache kuonekana, lakini usishike jiwe au gogo usiloona nyuma yake.

Ukifika ukingo wa msitu, nyamaza dakika 5. Mbega huonekana na waliotulia. Mimea usichimbe, hata ile midogo yenye maua ya zambarau inayoota kwenye miamba: Uluguru una mimea na wanyama wasiopatikana popote kwingine duniani, na kung'oa ndani ya hifadhi ni kosa la jinai.

## Hatua ya 8: Kijijini

Kwanza ofisi, kisha mengine. Mwongozaji akutambulishe, andika jina, toa mchango kama upo na uombe risiti. Wazee waamkie kwa shikamoo kabla ya kuuliza lolote. Vaa kwa stara.

Picha huombwa. Kwa mtoto, muombe mzazi. Mitambo ya mawasiliano iliyo kileleni usiipige picha kabisa.

Usichume tunda lililo njiani ukidhani ni la porini. Karibu kila mgomba una mwenyewe. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, *lukolo*, kwa hiyo mwenye neno la mwisho juu ya shamba mara nyingi ni mama au kaka yake, na si lazima awe baba mliyemkuta uani.

Nunua kitu. Ndizi, parachichi, viungo, stroberi zikiwa msimu. Bei ya shambani tayari ni ndogo kuliko ya Dar, na mzigo ule uliletwa kwa kichwa. Usiishindanie shilingi 500. Lakini usizidishe kilo 5 kwa mtu, magoti yako yatalipa wakati wa kuteremka. Pipi na fedha kwa watoto njiani usigawe: zinawafundisha kusubiri wageni badala ya kwenda shule. Ukitaka kusaidia, kabidhi madaftari ofisini au kwa mwalimu.

Takataka zote rudi nazo, pamoja na karatasi za chooni. Huko hakuna gari la taka.

## Hatua ya 9: Kuteremka

Ajali nyingi hutokea hapa, si wakati wa kupanda. Miguu imechoka, akili imeshafika nyumbani. Kaza kamba za viatu hadi kifundoni ili vidole visigonge mbele. Kanyaga hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Kwenye utelezi teremka ubavu. Fimbo ya mti mkavu kutoka kwa mwongozaji inasaidia kuliko unavyofikiri.

Kifundo kikiteguka: usivue kiatu kama bado mko mbali, kifundo kikivimba kiatu hakitarudi. Funga bandeji juu yake, mgonjwa aegemee watu wawili, mwongozaji aite msaada kijijini. Hapa ndipo zile 30,000 zinapofanya kazi.

Nyoka akiuma: usikate, usinyonye, usifunge kamba. Mguu utulie kama uliovunjika, mgonjwa abebwe asitembee, apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa mjini. Polisi hupatikana kwa namba 112.

Kijito kikijaa: subiri. Maji ya mlimani hupanda haraka na hushuka haraka pia mvua ikikatika. Yakipita magoti, usivuke hata kama treni inaondoka. Kuna Msamvu, na kuna kesho.

Mkipotezana: aliyepotea asimame palepale na kupiga filimbi au kelele mara tatu. Anayezunguka akitafuta njia huenda mbali zaidi.

Mkifika chini, mlipe mwongozaji kiasi mlichoandikiana, mumwongeze kama amewahudumia vyema, kisha muhesabiane watu na simu. Badilisha fulana, pangusa matope ya viatu kwenye majani kabla ya bajaji, na uwe stesheni saa 11. Stroberi ziweke mapajani, si kwenye rafu ya juu, na zioshwe nyumbani kwa maji ya kunywa kabla hazijaliwa.